Reale ya Kizingitini

Palma, 9 Novemba 2013

Mdogo wangu mpendwa Zainabo, mama Zuleica,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji yangu, watoto na wajukuu wote walioko Mikindani. Goti lako ulilolilalamikia limepoa? Ikiwa bado linakusumbua, usilitie dawa za kila mpita njia; nenda hospitali ukapimwe. Mimi ni mzima. Macho yanahitaji miwani miwili sasa, mmoja wa kusomea na mmoja wa kuutafutia ule wa kusomea. Zaidi ya hapo sina la kumlalamikia Mola.

Kwanza nakuomba radhi kwa kimya changu. Barua yako niliipokea kabla ya Ramadhani, na sasa hata Idi ya kuchinja imekwisha kupita. Sikunyamaza kwa ugonjwa wala kwa kukusahau. Uliniuliza kama ni kweli kwamba Kibunju itahamishwa, nami sikutaka kukujibu kwa habari za barazani, ambazo asubuhi huwa hivi na jioni zimekwisha kugeuka. Nilisubiri nipate jambo la hakika. Sasa nimelipata, na limekuja na jingine ambalo sikulitarajia. Najua Zuleica atasema kwamba siku hizi watu hupigiana simu. Jambo hili si la simu. Katika simu mtu hujibu kabla hajafikiri, na wewe nataka ufikiri.

Palma uliouacha hungeutambua leo. Tangu gesi ilipogunduliwa baharini, kila mwenye chumba cha ziada amekipangisha, na asiyekuwa nacho anajenga. Mota, yaani pikipiki, zinapita mbele ya mlango wangu tangu alfajiri, zimepakia vijana waliovaa kofia ngumu wakienda Afungi kutafuta kibarua. Wengine hurudi nazo kichwani hata siku ambayo hawakupata kazi. Samaki amepanda bei, na fundi seremala anataka ulipe kabla hajaja kutazama. Haya nakuandikia ili upate picha. Siyo kiini cha barua.

Ndiyo, Kibunju itahamishwa. Kijiji kimo ndani ya eneo ambalo kampuni ya gesi italizungushia ua. Watu watajengewa nyumba mahali pengine, na hesabu ya nyumba, minazi na mashamba imekwisha kuanza. Lililobaki bila kuamuliwa ni makaburi. Yapo maoni mawili. Watu wa Rajabo, jirani yetu, wanataka makaburi yahamishwe pamoja na watu, ili kila mtu aendelee kuzuru wazee wake bila kuomba ruhusa. Hamido, mtoto wa marehemu mdogo wetu Fauzi, ambaye ndiye anayeishi katika nyumba yetu, anataka makaburi yaachwe yalipo na ua uyazunguke. Anasema maiti aliyezikwa kwa sheria hasumbuliwi. Sheikh aliulizwa, akajibu kwamba kila upande una hoja, na kwamba penye haja kubwa ipo njia ya kuhamisha kwa heshima. Yakiachwa, tumeambiwa kuwa atakayetaka kuzuru atapaswa kuomba kibali langoni.

Mama yetu amelala pale, Zainabo. Sina haja ya kukueleza kwa nini jambo hili lilininyima usingizi.

Mwenye kazi ya kuzungumza na wanakijiji kwa niaba ya kampuni ni kijana mmoja wa Mueda, Bernardino, Mkristo mwenye adabu. Kiswahili chake nimekisahihisha mara mbili mbele za watu, naye alishukuru mara zote mbili, jambo ambalo hata walimu wenzangu hawakuwahi kulifanya. Bernardino alisema katika mkutano kwamba kuhusu makaburi lazima wajulikane wenye mji, yaani ukoo wa kwanza kufungua Kibunju, kwa sababu neno lao ndilo litakaloandikwa. Hamido akasimama na kusema kwamba wenye mji ni sisi. Ndivyo alivyotufundisha baba, nami ndivyo nilivyomfundisha Hamido. Rajabo alikuwa amekaa karibu na mlango wa msikiti, akichora chini kwa kijiti. Watu walimtazama yeye. Akasema kwamba ikiwa wenzake wameridhika, hana neno.

Lakini wenzake hawakuridhika. Watoto wa dada zake walipiga kelele kwamba ukoo wao ndio wa kwanza. Ndipo Hamido alipotoa wazo ambalo wote walilipokea. Unaijua desturi ya Kibunju: mlango wa nyumba ukisimamishwa, fedha huwekwa chini ya kizingiti, na haiguswi tena maadamu nyumba inakaliwa. Hamido alisema kwamba nyumba zote mbili zitavunjwa hata hivyo, basi vizingiti vichimbwe mbele ya kila mtu, na fedha zenyewe ziseme nani alitangulia.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Sanduku langu la reale, zile fedha za kale, unalikumbuka, kwa maana ulilicheka sana. Ulimwambia marehemu mke wangu kwamba ameolewa na mlinzi wa vyuma chakavu. Sanduku bado ninalo na limejaa. Tangu watu waanze kuchimba mashimo ya kupima ardhi, vijana huniletea wanachokiokota, nami huwapa chochote kwa jasho lao. Mgeni mmoja wa Ulaya aliyepanga karibu na soko alikuja kulitazama, akataka kulinunua lote kwa mkupuo. Nilimkaribisha chai, nikalifunga.

Nilijifunza kuzisoma fedha hizi hapo Mikindani wakati wa vita vya Wareno, tulipokimbilia huko, kwa yule sonara mzee Kanji, aliyenifundisha kutazama ukingo kwanza na uso baadaye. Ile tuiitayo reale ya mizinga ni fedha ya Wahispania. Wazee wetu waliona mizinga miwili imesimama. Mchongaji alikusudia nguzo mbili za mlango wa bahari, pale Hispania inapokaribia kugusana na Afrika. Katikati yake amechora duara mbili za dunia juu ya mawimbi. Madini yake yalichimbwa Meksiko na Peru na watu ambao wengi wao hawakwenda kwa hiari. Kutoka huko ilivuka bahari mbili, na Wafaransa wa kisiwa cha Morisi wakaja nayo Ibo na katika pwani yetu kununua watu. Kwa hiyo sizikusanyi kwa sababu ni nzuri. Kila niishikapo moja najua kwamba huenda ilitolewa kwa ajili ya mtu, na mtu huyo hana jina popote isipokuwa hapo.

Vizingiti vikachimbwa. Hamido alichimba vyote viwili kwa mkono wake, hakumwachia mtu mwingine jembe. Chini ya mlango wa Rajabo ilitoka fedha nyeusi, iliyolika hata tarehe haisomeki. Chini ya mlango wetu ilitoka fedha nzito yenye sura ya mwanamke mnene, na upande wa pili tai mwenye vichwa viwili. Bernardino aliifuta kwa leso yake, akasoma mwaka kwa sauti: elfu moja mia saba na themanini. Watu wetu walipiga vigelegele. Hamido akaichukua ile nyingine, akaipimapima kiganjani, akamwambia Rajabo kwamba yake haina hata tarehe. Labda ni kifungo cha koti la babu yake. Watu wakacheka. Rajabo naye akacheka kidogo, akasema kwamba huenda.

Kisha wakanigeukia mimi nithibitishe. Niliziweka zote mbili kiganjani. Nikasema kwamba nitakwenda nazo Palma nizitazame kwa kioo cha kukuzia, kisha nitarudi kutoa jibu. Mtu mmoja nyuma akasema kwamba mwalimu hawezi kuona kitu asikisahihishe, na mkutano ukafungwa kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuona.

Sikiliza, Zainabo, nikueleze kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Mwanamke yule ni Maria Theresia, malkia wa Austria, aliyekufa mwaka huo wa 1780. Fedha yake Waarabu waliiamini kuliko nyingine yoyote. Ndiyo reale ya Sham ya wazee wetu. Waliiamini hata wakaikataa yenye mwaka mwingine. Basi wapigaji wakaendelea kuipiga kwa sura ileile na mwaka uleule, malkia akiwa kaburini, kwa miaka mia na zaidi. Ilipigwa Vienna, ikaja ikapigwa Roma, London, hata Bombay, na yote imeandikwa 1780. Anayetaka kujua imetoka wapi hutazama mambo madogo: lulu za kishikizo kilichoko begani mwa malkia, na manyoya ya mkia wa tai. Iliyotoka chini ya mlango wetu ni ya Roma. Roma walianza kuipiga mwaka 1935.

Na ile nyeusi ya Rajabo ni reale ya mizinga. Nguzo zake zinaonekana ukiigeuza dirishani. Fedha ya namna hiyo iliachwa kupigwa mwaka 1772. Ni kweli kwamba fedha ya zamani yaweza kuwekwa chini ya mlango mpya, kwa hiyo reale ya Rajabo haithibitishi kitu peke yake. Lakini fedha mpya haiwezi kuwekwa chini ya mlango kabla haijazaliwa. Nyumba yetu haikusimama kabla ya 1935. Tuliyoambiwa na baba, kwamba mlango ule uliwekwa na babu wa babu yake, hayakuwa kweli.

Hamido alikuja kwangu kabla ya mkutano wa pili. Alikuwa amekwisha kuusoma uso wangu. Alikaa, akanywa chai, akaniuliza habari za macho yangu. Kisha akasema, “Baba mkubwa, mwaka umeandikwa. Wewe ndiye uliyetufundisha kusoma.” Nilimweleza habari za Roma. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa maana si mjinga, kisha akaniuliza ni nani mwingine katika Palma yote ajuaye habari za mkia wa tai. Nikamjibu kwamba hakuna. Akasema basi hakuna tatizo. Aliniuliza kama ninataka bibi yake afukuliwe kwa ajili ya lulu za begani mwa malkia wa Wazungu.

Swali hilo halikuwa la kipuuzi, nami sitajifanya mbele yako kwamba lilikuwa jepesi. Kunyamaza kungetosha. Kaburi la mama lingebaki lilivyo, na neno letu ndilo lingeandikwa. Lakini neno hilo lingeandikwa juu ya wazee wa Rajabo pia, katika karatasi ambayo wajukuu wao wataisoma, kwamba wao ni wageni katika mji wao. Nilikwenda mkutanoni nikasema yote, taratibu, nikamwonyesha Bernardino, kwa kioo, mambo aliyotakiwa kuona. Akaona, akaandika. Nilisema kwamba sisi siyo wenye mji, na kwamba neno kuhusu makaburi halitoki kwetu.

Hamido aliondoka kabla sijakaa. Hapa Palma nimepata jina jipya; vijana wa mota huniita Mwalimu Roma, na mimi huwaitikia. Hilo si kitu. Kilichonishangaza ni Rajabo. Watoto wa dada zake waliruka kwa furaha, yeye akawanyamazisha kwa ukali ambao sikuujua kwake. Hakunipongeza. Alionekana kama mtu aliyevunjiwa chombo. Alinifuata njiani, akaniambia kwamba mama yake, Bi Laila, ananiita.

Bi Laila bado yu hai, na akili yake ni kamili, ingawa hatembei tena. Nilimkuta mkekani akichambua mchele kwa vidole, kwa kuwa macho hayamsaidii. Aliniambia nikae mahali atakapoweza kunisikia. Haya yanayofuata nayaandika kama alivyoyasema, bila kuongeza.

“Chaquir, mwanangu,” alisema, “baba yako na mama yako walitoka Mbau. Walikimbia pamba ya lazima ya Wareno. Wewe ulikuwa mgongoni mwa baba, kwa sababu mama yako mimba ilikuwa imekwisha kuwa kubwa. Mimi nilikuwa mwali, nimeolewa karibuni. Sipai, askari wa Wareno, walikuja kuwatafuta, na mkwe wangu akatoka nje akawaambia kwamba watu hawa wamezaliwa hapa. Wakapigwa yeye na mume wangu. Hakubadili neno.”

Alieleza kwamba mkwewe alikata kipande cha kiwanja chake, baba akajenga. Siku ya kusimamisha mlango baba hakuwa na fedha ya kuweka chini, na nyumba isiyo na fedha kizingitini ingejulisha watu wote kwamba mwenyewe ni mgeni. Mama akavua mkufu aliokuja nao, akafungua reale moja, akaiweka yeye mwenyewe. Wewe ulikuwa umezaliwa juma lile, na Bi Laila ndiye aliyekuzikia kitovu, hapohapo, upande wa ndani wa mlango. Yeye aliyekuwa mwali ndiye aliyebeba udongo wa kufukia.

Niliitoa ile fedha mfukoni nikaitazama tena. Juu ya kichwa cha malkia pana alama ndogo ya risasi ya kuungia ya sonara, mahali palipokuwa na kipete cha kupitishia uzi. Nilikuwa nimeiona kwa kioo siku ya kwanza nikaihesabu kuwa dosari, kwa sababu inapunguza thamani ya reale kwa mkusanyaji. Na mkufu wa mama unaukumbuka. Ulikuwa na fundo la uzi upande mmoja, pasipo na kitu, na tulipomwuliza alisema kwamba ndivyo ulivyotengenezwa.

Nilimwuliza Bi Laila kwa nini hakusema lolote miaka yote hii, hata pamba ilipokwisha, hata vita ilipokwisha, hata Wareno walipoondoka. Nilimwuliza kwa nini mwanawe alikubali kuambiwa mbele ya kijiji kizima kwamba babu yake aliweka kifungo cha koti mlangoni, naye anajua. Aliendelea na mchele wake. Akasema, “Mkwe wangu alituambia: mtu yeyote akiuliza, hawa wamezaliwa hapa. Hakutuambia ni lini tuache.”

Rajabo alikuwa amesimama mlangoni, akitazama nje.

Hilo ndilo jambo nililotaka ulijue kwa mkono wangu, wala siyo kwa mdomo wa mtu mwingine. Baba hakutudanganya kwa kujikweza. Alitupa neno alilopewa yeye, na waliompa walilitunza kuliko sisi.

Sasa nije kwenye lililosalia. Katika mkutano wa mwisho Rajabo alitambuliwa kuwa mwenye mji. Neno lake likaandikwa: makaburi ya ukoo wake yatahamishwa. Bernardino akamwuliza kama hilo ndilo la makaburi yote. Rajabo akasema kwamba kaburi la mama Chaquir lina wenyewe, na katika watoto wake walio hai yupo mmoja ambaye kitovu chake kimezikwa Kibunju, naye yuko Mikindani. Akasema kwamba mimi sina haki ya kumjibia kwa sababu nililetwa nimebebwa. Watu walicheka, na safari hii mimi pia. Wazee wamekubali kwamba kaburi hilo halitaguswa wala kuandikwa popote mpaka neno lako lifike.

Mambo ni haya mawili. Mama akiachwa, hatasumbuliwa, nawe utakapokuja kumsomea Yasini utapita langoni kwa kibali, siku watakayokupangia. Akihamishwa, atalazwa karibu na mume wa Bi Laila na mkwewe, na hakuna atakayekuuliza jina lako. Rai yangu ninayo, lakini sitaiandika, usije ukaifuata kwa heshima. Shauriana na shemeji, usome barua hii mara mbili, kisha uniambie.

Kuhusu Hamido usiwe na hofu. Nilimpeleka kwa Bi Laila akasikie kwa masikio yake. Kesho yake watu walimkuta mlangoni pa Rajabo na udongo na mwiko, akikijenga upya kizingiti alichokibomoa, katika nyumba ambayo itavunjwa baada ya miezi michache. Reale ya mizinga ameirudisha chini yake. Rajabo alimwambia kwamba anapoteza saruji. Hamido akamjibu kwamba saruji ni yake. Tangu siku hiyo hunisalimu, ingawa kwa ufupi.

Reale yako, ile ya mkufu wa mama, ninayo. Sikuitia katika sanduku pamoja na zile nyingine. Imefungwa katika kitambaa ndani ya bahasha yenye jina lako, na nitaituma utakakoniagiza, iwe Mikindani au chini ya mlango mpya wa Hamido.

Nisalimie shemeji, Zuleica na wanawe, na kila aniulizaye. Ukipita makaburini Mikindani, msomee baba Fatiha kwa niaba yangu, na umwambie kwamba tumejua. Bi Laila anakusalimu. Amesema kwamba ulilia kwa sauti kubwa kuliko mtoto yeyote aliyempokea. Neno lako likinifika nitalipeleka kwa Rajabo mimi mwenyewe, na siku uamuzi utakapopita nitakaa kwenye kiti hiki kukuandikia, bila kuchelewa kama safari hii.

Wako akupendaye, kaka yako,

Chaquir